Nimerudi Moshi, bekari imefungwa, wote wako msibani

Mi niliondoka Moshi 2012 nikarudi 2024, na kama unategemea nianze na barabara mpya na bei ya nyama, samahani, hizo utaambiwa na wengine. Kilichonitoa jasho mimi ni misiba. Sio kwamba nilisahau watu wanakufa jamani, nilikuwa nalea wazee, nimeona wakifa kila mwezi. Nilichosahau ni kwamba huku mtu akifa mtaa wa pili, kazi yako inasimama na wewe bosi huna la kusema.

Nilikuwa Leipzig, Ujerumani, jimbo la Saxony, kwenye nyumba ya wazee inayoendeshwa na taasisi ya kanisa. Kule makanisa ni matupu, Jumapili unakuta mabibi kumi na wawili na kinanda kikubwa kama jengo la ghorofa, lakini dini iko kwenye slipu ya mshahara. Inaitwa Kirchensteuer, kodi ya kanisa, Saxony ni 9% ya kodi yako ya mapato, yaani kodi ikiwa euro 300 basi 27 zinaenda kanisani, na anayekata ni serikali, mchungaji hata sura yako haijui. Ukichoka unaenda ofisi ya kusajili ndoa na vifo, unasaini kwamba umetoka kanisani, basi, hakuna mzee wa kanisa atakayekuja kukuuliza.

Halafu kuna kituko kingine. Wana siku ya toba na maombi, Jumatano moja ya Novemba. Majimbo mengine yaliitoa kwenye sikukuu mwaka 1995, ili waajiri wafidiwe siku moja ya kazi wakubali kuchangia bima ya matunzo ya wazee. Saxony peke yao wakaing'ang'ania, ndo maana mpaka leo mfanyakazi wa Saxony anakatwa nusu asilimia zaidi kwenye bima hiyo kuliko wenzake. Mi nilikuwa nakatwa kila mwezi kwa ajili ya siku ya kupumzika, na siku yenyewe ikifika niko shifti nabadilisha mashuka.

Sasa narudi nyumbani na akiba yangu nafungua bekari. Nikaleta na adabu ya kule, saa ni saa, nusu saa ya kuchelewa iandikwe. Wafanyakazi watano, wanne ndugu zetu wa usharika wetu wa Kilutheri na mmoja kijana Mwislamu wa Kipare kutoka Usangi. Wiki ya tatu tu, Alhamisi, nafika saa kumi alfajiri kukanda unga, nakuta giza. Saa kumi na mbili ndo anaingia yule kijana peke yake. Nauliza wenzako wako wapi, ananijibu kama vile nimeuliza jua limechomoza wapi: "Wako msibani dada, baba wa pale njia panda amefariki." Na wewe mbona umechelewa? "Na mi nilipitia kwanza kutoa pole."

Huyo baba sio ndugu wa yeyote kati yao, nilichunguza! Mmoja alikuwa jirani, mwingine wanasali jumuiya moja, wawili waliobaki walisema tu "tunafahamiana". Siku tatu, aisee. Ya kwanza kupeleka turubai na viti, ya pili akina mama kumenya ndizi na kupika, ya tatu mazishi. Mi nakaanga maandazi mwenyewe na hasira zangu.

Mwisho wa mwezi nikawakata mshahara. Nikafanya na ujinga zaidi, nikachapisha kipande cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nikabandika karibu na oveni, kwamba siku 4 za ruhusa yenye malipo ni kwa kufiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Jirani hayumo. Nilijiona nimemaliza.

Wafanyakazi hawakugomba hata kidogo, walinyamaza. Kilichofuata ni mikate kurudi. Nilikuwa natoa mikate 200 kwa siku kwa wenye maduka, wiki hiyo wakanirudishia 80, wiki ya pili zaidi ya 100. Namuuliza mangi wa duka kulikoni, anasema mkate wako siku hizi hauendi dada, anaangalia pembeni. Hakuna anayekwambia. Ni shangazi aliyenipasulia: "Kwani hujui? Wewe ndo yule anayekata watu hela ya mazishi."

Jumamosi wakaja wazee wa kanisa wawili na mama mmoja wa jumuiya. Nikajiandaa kwa ugomvi. Mzee akasema, "Mama, hatujaja kulaumu, tumekuja kukupa pole." Pole ya nini? "Ya kukosa msiba." Na walikuwa wanamaanisha! Wakasali, wakanywa chai, wakala mkate wangu, wakaondoka. Nilikaa jikoni nikacheka mpaka machozi, baadaye sikujua tena kama bado ni kicheko.

Maana nilimkumbuka bibi mmoja kule Leipzig niliyemhudumia miaka minne. Alipofariki tuliweka mshumaa na picha kwenye kimeza cha korido siku mbili, chumba kikasafishwa, akaingia mwingine. Makaburini tulikuwa watu watano tukimhesabu mchungaji na dereva. Mi nilikuwa kwenye mapumziko ya chakula, nikarudi kazini kwa tramu.

Na hawa wamisionari waliotuletea Ulutheri walitoka Leipzig hiyo hiyo, walifika Machame 1893. Bruno Gutmann, aliyekaa Kidia kule Old Moshi miaka na miaka, ndo aliyeshikilia kwamba kanisa la Uchagani lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Kwa hiyo Mjerumani alikuja kutuambia shikeni ujirani, tukaushika, mi nikaenda kwao miaka 12 nikarudi na saa ya ukutani.

Wewe unayefunga mizigo kurudi kufungua biashara, sikiliza basi, maana hizi nimezilipia. Usiajiri watu wa usharika mmoja, changanya, Mlutheri, Mkatoliki wa Kibosho, Mwislamu, Msabato, angalau msiba ukitokea usibaki na oveni tu (Msabato atakusaidia Jumapili, Jumamosi msahau). Kwenye hesabu zako weka fungu la rambirambi kama unavyoweka la kuni na umeme, na utoe kwa jina la bekari, daftari linasomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Jumuiya nenda hata kama unasinzia. Mnada wa kanisani nao jiandae, mi nimeuziwa trei moja ya mayai elfu hamsini kisa "mgeni wetu kutoka Ujerumani", na siwezi kukataa, mkono ulishanyanyuliwa na jirani.

Ile karatasi ya sheria niliibandua. Hela niliwarudishia, kimya kimya, ndani ya bahasha za khaki kama za sadaka. Mikate ikaanza kwenda, polepole.

Sasa mteja wangu mkubwa kuliko wote unajua ni nani? Misiba. Kesho nina oda ya mikate 60 na maandazi 400, mazishi ni Mwika, na nimeshaambiwa bosi aje nayo mwenyewe, amevaa kitenge. Bei wamesema nipunguze kidogo, kwa sababu ni msiba.