Nilivyompeleka mama Uskoti

Mama alikuja Leicester, Uingereza, kunitembelea kutoka Tanga, Juni mwaka jana. Wiki ya pili tu akaanza kunung'unika: "Mwanangu, Ulaya yenyewe ndiyo hii? Nyumba kwa nyumba?" Nikakodi kijumba karibu na mji wa Fort William, Uskoti, kwa siku sita. Nikapakia makopo ya tui la nazi na kuku wa halali kwenye boksi la barafu (huko vijijini usitegemee kumpata), tukaondoka alfajiri. Ni siku nzima barabarani.

Kilichonitesa mwanzoni ni njia za ndani, maana nyingi zina upana wa gari moja. Kila baada ya mwendo kidogo pametanuliwa pa kupishana, pana na kibao. Pakiwa kushoto kwako, unaingia na kusubiri. Pakiwa kulia, hukatizi: unasimama ulipo, mkabala napo, mwenzako ndiye anayeingia. Mimi siku ya kwanza nilikatiza, tukabaki pua kwa pua na lori, nikarudi kinyumenyume huku mama akisoma dua kwa sauti. Na anayepishwa hupunga mkono. Kufika siku ya tatu mama alikuwa anampungia kila dereva, hata waliosimama kununua mafuta.

Glencoe sikupanga tukae, nilitaka tupige picha ya milima tu. Lakini mama akauliza mbona bonde zuri hivi lina huzuni, nikamsimulia. Februari 1692 askari wa serikali walipokewa na ukoo wa MacDonald, wakalala majumbani mwao na kulishwa karibu wiki mbili. Alfajiri ya tarehe 13 wakawageukia wenyeji wao, wakaua watu wapatao 38. Wengine wakafa kwa baridi wakikimbilia milimani. Mama alinyamaza kidogo. "Wamekula chumvi ya watu, kisha wakawaua?" Akakataa kupiga picha. Mpaka jioni, anakata vitunguu, bado anawalaani hao askari.

Jioni, nasema, ingawa jua lilikuwa linawaka. Mwishoni mwa Juni huko swala ya magharibi inaingia yapata saa nne na robo usiku, na jua linachomoza tena saa kumi na nusu. Mama alikuwa anachungulia dirishani kama anayemsubiri mtu. "Hili la huku halilali?" Bebeni kitambaa cha kufunika macho, mapazia ya kijumba chetu yalikuwa mepesi kama kanga.

Tena kuna usubi. Wadogo mno, lakini wanakuja kama wingu, hasa asubuhi na jioni kukiwa na unyevu na hakuna upepo. Upepo ukivuma kidogo tu wanapotea, kwa hiyo chai ya nje tuliinywea ufukweni mwa ziwa, siyo chini ya miti. Dukani wanauza chandarua cha kuvaa kichwani. Mama alicheka mpaka akakaa chini: amelala ndani ya chandarua maisha yake yote, hajawahi kutembea nacho.

Mlima Ben Nevis, mita 1,345, tuliutazama kutoka chini. Kuna vigari vya waya vinavyopandisha watu mlima wa jirani, lakini mama alisema yeye hatundikwi.

Treni ndiyo iliyompendeza. Ile ya mvuke nilichelewa kukata tiketi, zikawa zimekwisha. Tukapanda ya kawaida kwenda Mallaig, na wala sikujuta: reli ni ileile, daraja la Glenfinnan ni lilelile la zege lenye matao 21, nauli nafuu zaidi. Kaeni upande wa kushoto mkitoka Fort William. Treni inapokunja kona juu ya daraja unaona mabehewa ya mbele yakipinda, na upande huohuo ziwa Loch Shiel limelala kati ya milima.

Mallaig ni bandari, kuna na feri ya kwenda kisiwa cha Skye. Hatukuivuka. Mama alinusa moshi wa samaki, akaufuata mpaka dukani: heringi waliopasuliwa, wakatiwa chumvi, wakakaushwa kwa moshi. "Ng'onda hawa!" Akanunua wanane. Usiku ule akawapika kwa nazi, tukala na wali, nikajilamba vidole. Wanne waliobaki akawafunga kwenye magazeti, na gari langu linanuka mpaka leo.