Nilivyoizima programu moja kwangu tu, bila kumgusa kaka

Kompyuta yetu ya nyumbani ina Xubuntu, mfumo wa aina ya Linux, na akaunti tatu: yangu, ya kaka na ya mama. Kila nilipoingia kwenye akaunti yangu, Blueman, programu inayosimamia Bluetooth, ilijiwasha yenyewe na kula memori bure, ilhali kaka anaihitaji kila jioni kwa ajili ya spika yake.

Fundi mmoja alinielekeza nifute faili la blueman.desktop lililomo /etc/xdg/autostart, folda ya programu zinazojiwasha mtu anapoingia, nami nikalifuta. Jioni kaka aliketi, akaitafuta alama ya Bluetooth asiione, akaniita: "Mdogo wangu, umeifanya nini kompyuta?" Ushauri ule unaniudhi hadi leo, kwa sababu folda ile ni ya watumiaji wote, na kinachofutwa humo kinamfutikia kila mtu. Nilisakinisha Blueman upya mara mbili, na mara zote mbili faili halikurudi. Kumbe dpkg, chombo kinachosakinisha programu, huheshimu mkono wa msimamizi: faili la mipangilio likifutwa ndani ya /etc, huhesabiwa kuwa limefutwa kwa makusudi, na usakinishaji wa kawaida haulirudishi. Kilichonisaidia ni amri hii:

sudo apt install --reinstall -o Dpkg::Options::="--force-confmiss" blueman

Nilipoliona faili limerudi mahali pake, nilimwita kaka aje ashuhudie kwa macho yake.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nililinakili faili lile kwenye ~/.config/autostart, folda kama ile lakini ya akaunti yangu peke yake, bila kubadili hata herufi moja ya jina lake, nikaongeza ndani ya nakala hiyo, chini ya [Desktop Entry], mstari Hidden=true, unaoizuia programu isijiwashe. Majina yakifanana, mfumo hulifuata faili la mtumiaji na kuliacha la /etc. Jina likitofautiana kidogo tu, Blueman itaendelea kuwaka kama kawaida.

Folda hiyohiyo yangu ndiyo inayoniwashia Thunderbird, programu ya barua pepe. Mwanzoni ilifunguka kabla Wi-Fi haijashika na kulalamika kuwa haioni seva, kwa hiyo kwenye faili lake nikaandika Exec=sh -c "sleep 20 && thunderbird", yaani isubiri sekunde 20 kwanza. Sekunde 20 zinatosha kwa Wi-Fi yetu. Mwenye mtandao mzito aongeze. Sasa barua zangu huingia bila malalamiko, na spika ya kaka inaunganika kama zamani.