Maombi yangu yalikuwa na kabila

Kitabu cha hesabu za kanisa, chenye jalada jeusi, kimekaa mezani kwangu wiki mbili sasa. Nilikitoa kabatini nikitafuta risiti ya mabati, kikafunguka Jumapili moja ya Julai 2022. Chini ya sadaka na fungu la kumi kuna mstari wa mkono wangu mwenyewe: "Rafiki wa kanisa, 300,000/=".

Mimi ndiye mhazini, na rafiki huyo ninamjua. Ni mgombea aliyeingia ibada ikiwa katikati, akapishwa kiti cha mbele, na baada ya matangazo akapewa maikrofoni. Alianza kwa Bwana asifiwe, akamaliza kwa kutuambia kwamba wale wa upande ule wakichukua serikali tutarudi kulala nje. Tulipiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa moyo, maana kura ilikuwa tarehe 9 Agosti na niliyaamini maneno yake. Kwenye kwaya aliketi mama mmoja Mluo, niliyemleta kanisani mwenyewe miaka mingi kabla. Aliinamisha kichwa, akawa anafunga na kufungua zipu ya mkoba wake. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine, na mimi sikwenda kumwangalia.

Noti tulizihesabia chumba cha wazee, vibunda vitatu vya elfu elfu. Nikauliza niandike jina gani. "Andika rafiki wa kanisa, mama," nikaambiwa. Nikaandika. Zikanunua spika.

Na si kwamba hatukuwa tumeonywa. Mwezi Septemba 2021, huko Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa mimbari, na wakubwa walikuwa wameketi pale pale. Sisi tulisema hayo ni ya Waanglikana.

Sasa nieleze habari za huyo mama. Mwaka 2008 tulipanga ploti moja Kaptembwa, mtaa wa hapa Nakuru, milango yetu ikitazamana. Sokoni tulikaa meza jirani, yeye na dagaa wa omena, mimi na viazi. Tarehe 1 Januari, siku chache baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, tulisikia redioni kwamba kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, limechomwa na watu wamo ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia humo. Kabla ya siku hiyo nilidhani nyumba ya Mungu ina ukuta ambao macho hayauoni. Mwisho wa mwezi moto ukafika Nakuru. Vijana walipita ploti kwa ploti wakiwauliza watu lugha yao.

Alituvuta kwake, mimi na mwanangu wa miaka minne, akatusukuma nyuma ya kitanda, akafunga kufuli kwa nje. Kisha akaketi kibarazani na beseni la omena, akichambua kama mtu asiye na haraka. Walipofika aliwajibu kwa Kijaluo. Sikuelewa neno, lakini nilisikia sauti yake haikupanda. Waliondoka. Wakaja wengine. Akawajibu vile vile hadi kukapambazuka.

Na mimi kule ndani nilikuwa nikiomba. Ushirika wetu wa akina mama ulikuwa umeshika Zaburi ya 109 tangu matokeo yatangazwe, nami nilikuwa naijua kwa moyo. Kwa Kikuyu, kwa kunong'ona, nilimsihi Mungu awafyeke Waluo, wake zao wawe wajane, wazao wao wakatiliwe mbali. Nilimsihi hivyo nikiwa nimejifunika blanketi la Mluo, na Mluo yuko mlangoni.

Baadaye tulipelekwa uwanja wa maonyesho ya kilimo, tukalala kwenye mahema na maelfu ya wengine. Pale nilitoa ushuhuda. Nilisema Mungu alinificha katika uvuli wa mbawa zake, watu wakalia. Ushuhuda huo nimeutoa tena na tena kwa miaka, hata kwenye mikutano ya nje ya Nakuru, na mara zote mama wa omena hayumo. Si kwamba nilimsahau. Angeharibu hadithi. Mungu wangu wa siku zile alikuwa na upande, na mama yule alitoka upande ambao Mungu wangu hakuwa na mtu.

Februari hiyo hiyo Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Niliona ni vizuri maaskofu watubu. Haikunipitia akilini kwamba waliegemea pande kwa sababu sisi waumini tuliwataka huko.

Baba yangu, aliyelima Molo, angenielewa upesi kuliko nilivyojielewa. Miaka ya tisini, vita vya kikabila vilipotufikia, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Wakatoliki hapa Nakuru, alisema wazi kwamba damu ile ilikuwa na wenyewe serikalini. Baba hakuwa Mkatoliki. Lakini askofu yule akitajwa redioni, nyumba nzima ilinyamazishwa. Tena alitusimulia habari za Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyeambiwa na waziri kwamba akikanyaga Busia hatatoka salama. Alikwenda, akahubiri, na alipokuwa akirudi tarehe 14 Agosti 1990 gari lake likagongana na lori, akafa. Hao nilikua nikiwasikia. Sijui ni lini nilianza kudhani kwamba kazi ya mhubiri ni kutuambia tutashinda.

Aliyenitikisa ni mwanangu, yule wa nyuma ya kitanda. Juni 2024 aliandamana mjini na vijana wenzake kupinga mswada wa fedha, akarudi macho mekundu kwa vitoa machozi. Jumapili mhubiri akatusomea Warumi 13, kwamba hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Kijana akainuka katikati ya mahubiri, akatoka. Nyumbani aliniuliza jambo moja tu: "Mama, zile spika zilizokuwa zinatuambia tutii, zilinunuliwa na nani?"

Bei yake naijua hadi shilingi ya mwisho. Nilishindwa kumjibu.

Novemba ya mwaka huo, Askofu Mkuu wa Wakatoliki wa Nairobi alirudisha mamilioni ambayo Rais alikuwa ametoa kwa parokia moja. Nikawaomba wazee wetu tufikirie kuuza spika. Walinisikiliza kwa heshima, wakaendelea na ajenda. Sijaacha kanisa. Bado nahesabu sadaka, lakini sasa naandika jina la kila mtoaji, na wapo walioacha kutoa.

Mwaka jana nilipanda matatu, nikapita Kericho, nikashuka Ahero. Mama yule alirudi huko, anauza mchele kando ya barabara. Alinipokea kama tuliachana jana, akanitandikia kanga kwenye benchi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamwambia usiku ule nilikuwa naomba nini.

Aliendelea kupima mchele wa mteja, akamalizia na kiganja cha nyongeza, akapokea pesa. Kisha akasema, "Nilikusikia, dada. Zile zilikuwa mbao na mabati. Na Kikuyu cha sokoni nilikuwa nakijua."

Nikamuuliza mbona basi hakufungua mlango.

"Mtoto alikuwa amelala," akasema.

Tulikula ugali na mbuta saa tisa. Aliniomba nibariki chakula, kama tulivyofanya zamani. Nikafumba macho, maneno hayakuja. Nilimwambia aombe yeye, tena kwa lugha yake. Aliomba kirefu, sahani zikipoa. Katika yote aliyosema nililishika jina la mwanangu tu, na alilitaja mara mbili.