Nyuzi 15

Chake Chake, Pemba, Jumapili usiku

Wiki nzima simu yangu imejaa makala za watu wanaoipa kompyuta kazi ya kupima picha za nyonga. Nilianza kwa kutaka kujua tu, maana kupiga picha za eksirei ndiyo kazi inayonilisha, na nyonga hazikatiki pale chumbani kwangu. Sasa nalala nazo, naamka nazo. Mume wangu keshaniambia nikimtajia tena kichwa cha fupa la paja wakati wa kula, atahamia barazani na sahani yake.

Basi niyamalizie hapa, yeye apumue.

Nyonga ikianza kusagika, gegedu, lile tabaka laini lililofunika kichwa cha fupa la paja na kikombe chake, huliwa kidogo kidogo. Gegedu lenyewe halionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni ule mwanya mweusi baina ya mifupa miwili, na ukiuona umebana ndipo unapojua kwamba gegedu limekwenda. Pembeni huota vimiiba vya mfupa. Mwaka 1957 madaktari wawili, Kellgren na Lawrence, waliokuwa Manchester, Uingereza, walitoa ngazi zao za kuupima ugonjwa huu, kuanzia 0 mpaka 4, na mpaka leo zinatumika. Ila ni ngazi za macho. Mpe picha moja mabingwa wawili, huyu atasema 1, yule atasema 2, na kila mmoja ana hoja yake. Kwa nyonga wapo wanaotumia rula badala ya ngazi: mwanya ukifika milimita 2.5 umebana, ukifika 1.5 umebana vibaya. Yaani baina ya "umebana" na "umebana vibaya" pana milimita moja tu. Niliposoma hivyo nilikiweka kikombe cha chai chini.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Manchester hiyo hiyo, miaka ya 1990, Tim Cootes na Chris Taylor waliifundisha kompyuta kulitambua umbo la kitu kwa nukta. Baadaye Claudia Lindner na wenzake wakatengeneza programu inayolitafuta yenyewe fupa la paja kwenye picha na kulizungushia nukta, bila mtu kugusa kitu. Ukimwangalia fundi wa kofia za vitobo utaelewa: kwanza anatoga matundu kuufuata mchoro, uzi unakuja baadaye. Nukta zikishakaa, kompyuta inapima mwanya, upana wa shingo ya fupa, mviringo wa kichwa, na kila nyonga inapimwa kwa kanuni ile ile, iwe ya mwanzo au ya mwisho. Kwenye mradi wa UK Biobank, ambao watu wapatao 500,000 walijitolea wafuatiliwe afya zao, njia ya namna hii imepitishwa kwenye nyonga za watu zaidi ya 40,000. Waliopewa ngazi za juu ndio waliofanyiwa zaidi upasuaji wa kubadilishwa nyonga. Kwa hiyo kinachopimwa si upuuzi. Nakiri nilifurahi kama kazi ni yangu mimi.

Furaha ikapungua nilipoanza kujiuliza: wale watu walilazwaje?

Picha nzuri ya nyonga inaanzia miguuni. Mgonjwa analala chali, visigino vinaachana, vidole gumba vinaelekezana, miguu yote miwili inageuzwa ndani kiasi cha nyuzi 15. Sababu ni kwamba shingo ya fupa la paja haikukaa sawa na meza, imeinamia mbele. Ukiugeuza mguu ndani shingo inalala sawa, na unaiona urefu wake wa kweli. Ukiuacha mguu uanguke nje, kama unavyoanguka mtu akilala mwenyewe, shingo inaonekana fupi na nene, na kile kifundo kidogo cha upande wa ndani wa paja kinatokeza. Mfupa ni ule ule, umbo ni jingine kabisa. Mimi nikiona kifundo kimetokeza najua mguu ulikuwa nje, hata kama picha kapiga mwengine.

Picha hizo za Biobank zilipigwa kwa zile mashine za DXA za kupimia msongamano wa mifupa, na kwenye nyonga mashine hizo huwa na kifaa maalumu cha kufungia miguu ili isirudi nje. Mimi nina mifuko ya mchanga na plasta.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja, mchumaji karafuu wa siku nyingi, kaingia kwa bakora huku kashikwa mkono na mjukuu wake. Nikamlaza, nikaugeuza mguu wa kulia ukaja bila taabu. Wa kushoto nikaushika kisiginoni, nikausukuma taratibu. Haukuja.

"Bibi, nisaidie kidogo, uelekeze ndani."

"Mwanangu, huo haurudi. Tangu mwaka jana unatazama Wete."

Mjukuu alicheka mpaka akatoka nje. Na mimi nilicheka, nikapiga picha mguu ukiwa vile vile umegeukia nje, unatazama Wete, kwa sababu kumlazimisha ni kumtesa na hautakuja.

Usiku nikawa nasoma vigezo vya kuutambua ugonjwa huu vilivyotolewa na madaktari wa viungo wa Marekani mwaka 1991. Kimojawapo: mgonjwa ana maumivu ya nyonga, na mguu wake haufiki nyuzi 15 kugeuka ndani. Nyuzi 15! Ndizo nyuzi zile zile ninazomtaka kila mtu anipe pale mezani. Kugeuka ndani ni katika miondoko ya mwanzo kabisa kupotea nyonga inapoharibika. Kwa hiyo picha inamdai mgonjwa kitu ambacho ugonjwa umeshamnyang'anya, na wenye nyonga nzima ndio wanaoweza kukitoa.

Sasa ichukue hiyo uipeleke kwenye programu. Umeipa picha za wenye nyonga nzima na za wagonjwa, imezungusha nukta zake, ikarudi na jibu kwamba wagonjwa wana shingo fupi na nene. Ni umbo la mfupa, au ni mguu uliotazama Wete? Nukta haziwezi kusema, maana zimekaa pale pale zilipotakiwa kukaa. Kosa, kama lipo, limefanyika kabla mashine haijalia. Na mbaya zaidi halikutawanyika ovyo kwa kila mtu, limejazana upande wa wagonjwa. Kosa la ovyo ukiongeza picha nyingi linafifia. Hili hata uongeze picha laki moja litabaki na wewe. Katika makala zote nilizozipitia, habari ya kompyuta inachukua kurasa, na habari ya namna miguu ilivyowekwa ni sentensi moja ukibahatika. Sisi wapiga picha hatumo. Labda naona wivu, lakini wivu wangu una hoja.

Halafu kuna shanga. Huku kwetu mwanamke anavaa shanga kiunoni, na wapo watu wazima, wake kwa waume, wana hirizi. Namwambia kila mtu avue, kwa sauti ya chini na mlango umefungwa, na wengi wanavua. Wengine hawataki, au wanaona haya, au wanasema hawana halafu picha inatoka na mstari wa punje nyeupe umekatiza juu ya nyonga. Daktari hatoshughulika nazo, macho yake yanaziruka. Kompyuta je?

Sikujiuliza hili kwa mzaha tu. Mwaka 2019 watafiti wa New York walitoa kazi yao juu ya programu waliyoifundisha kutambua nyonga zilizovunjika. Ilitambua vizuri. Walipoichunguza wakakuta picha zenyewe zilikuwa zinaiambia kompyuta mambo mengine kabisa, kama vile aina ya mashine iliyotumika. Mtu aliyeanguka hapigwi picha kwa mwendo ule ule wa mtu aliyekuja kliniki kwa miguu yake. Walipochagua waliovunjika na wasiovunjika wanaofanana katika mambo hayo yote ya mgonjwa na ya hospitali, uwezo wa programu ukashuka, ikawa haina tofauti na kurusha shilingi. Nimewaheshimu sana kwa kuitoa hadharani. Ila nikawaza: kwa programu iliyofundishwa Pemba, shanga zingeweza kuwa dalili ya nini?

Na maumivu yenyewe hayafuati picha. Mwaka 2015 zilichapishwa hesabu kutoka Framingham, Marekani: katika nyonga zilizokuwa zikiuma mara kwa mara, ni karibu asilimia 16 tu ndizo zilizoonesha kusagika kwenye eksirei. Na katika zilizosagika, karibu asilimia 21 tu ndizo zilizokuwa zikiuma mara kwa mara. Ndiyo maana watafiti pia huwauliza watu maswali. Dodoso lao mashuhuri, WOMAC, lilitungwa Kanada, na linauliza kama unapata taabu kuvaa soksi, kuingia na kutoka kwenye bafu la kulala, kupanda na kushuka gari. Nilijaribu kumfikiria yule bibi wa karafuu akiulizwa habari ya soksi. Yeye mngemuuliza kama anaweza kukaa kitako kwenye mbuzi akakuna nazi. Mngemuuliza anasalije. Alinieleza mwenyewe bila kuulizwa, wakati namshusha mezani, kwamba kusujudu kumemshinda tangu kabla ya Ramadhani na sasa anasalia kitini. Hilo kwake ni kubwa kuliko milimita zangu zote.

Vijana wenye selimundu ni habari nyengine, na ni ndefu. Kichwa cha fupa kinakosa damu, kinakufa, kinabonyea, na mtu bado yuko skuli. Programu iliyolelewa kwa picha za wazee wa Ulaya itazungusha nukta zake pale na kumpa ngazi, bila kujua kwamba ugonjwa unaotazamwa ni mwengine. Nitaiandikia siku yake.

Sijaichukia kompyuta, niseme ukweli. Ingekuja hapa kesho ningeipokea, maana mabingwa wa kusoma picha ni wachache na foleni ni ndefu. Ila nimeanza kuandika kwenye fomu, chini ya jina la picha: "Mguu wa kushoto haukugeuka ndani." Mwenzangu wa zamu aliniuliza nani atasoma. Juzi daktari mmoja alisoma, akaja hadi chumbani kuuliza nimeandika nini, nikampandisha yeye mwenyewe mezani na viatu vyake, nikamgeuza miguu ndani kisha nje. Akasema alikuwa anadhani ile shingo fupi ni ya kuzaliwa nayo.

Sasa nina swali kwa wenzangu mlioko Wete, Mkoani na huko Unguja: nyinyi miguu mnaishikaje? Mifuko ya mchanga inateleza, na plasta inawabandua wazee ngozi. Mwenye njia nzuri zaidi aniandikie, na kama ameshamuomba fundi seremala amchongee kifaa cha mbao, anitumie vipimo.