Mkono wa mzee na pembe sita

Leo nimemkata mzee wa watu mkono. Sikutumia kisu, nilitumia umbo la pembe sita, na aliyenishika ni mama.

Tunatengeneza jarida dogo la mtaa, nami nimepewa kurasa mbili zinazotazamana, za milango ya Mji wa Kale, Mombasa. Picha nimezipiga mwenyewe asubuhi tatu mfululizo, Ndia Kuu mpaka karibu na msikiti wa Mandhry, kabla jua halijachoma na tuktuk hazijaanza kupigiana honi. Moja ndiyo roho ya kazi yote: mlango wa nakshi, na pembeni yake, kwenye baraza, mzee ameshika finjani ya kahawa. Alikubali kupigwa picha kwa sharti nimpelekee nakala.

Basi nikajitia ufundi. Nikachora maumbo 13 ya pembe sita, kama sega la nyuki. Kila kona ya umbo hilo ni nyuzi 120, zikikutana tatu zinatimia 360, ndiyo maana yanakaa pamoja kama vigae. Nikayatenganisha kwa ukanda mweupe wa milimita 8, nikayaunganisha kwenye programu yahesabike kuwa umbo moja, kisha nikaitia picha ile moja ndani ya yote. Ikawa kama unachungulia mtaa kupitia dirisha la kimiani. Nikajisifu, tena kwa sauti.

Mama akapita na chai yake, akainama kwenye skrini.

"Huyu babu mkono wake umekwenda wapi?"

Kweli. Mkono na finjani vyote vilikuwa vimeangukia kwenye ule weupe. Kilichobaki ni mzee anayeangalia kiwiko chake.

Mama ni fundi wa cherehani, amekata kanga tangu sijazaliwa. Akaniambia, "Mwanangu, dera la kanga huanzi na mkasi. Waitandaza kwanza, watizama jina li wapi. Ukilikata jina, mwenyewe atakurudishia." Akaondoka na kikombe chake, hakungoja jibu. Jibu lenyewe sikuwa nalo. Nilikuwa nimependa sega la nyuki kabla sijaitazama picha, kisha nikailazimisha picha iingie.

Nikafuta yote. Nikachapisha picha nzima kwenye karatasi mbili za A4, nikazibandika, nikakunja kama jarida. Hapo likatokea la pili. Jarida letu litatiwa gundi mgongoni, kwa hivyo kurasa hazifunguki mpaka ndani kabisa, na kilicho katikati humezwa. Kilichomezwa hapa ni mfaa, ile nguzo ya nakshi inayosimama katikati ya mbao mbili za mlango. Nilikasirika dakika nzima, halafu nikacheka peke yangu. Mlango una mbao mbili na mfaa. Nami nina kurasa mbili na mgongo. Nilikuwa natafuta umbo kwenye kompyuta usiku kucha na umbo liko mlangoni!

Sasa ubao wa kushoto umekaa ukurasa wa kushoto, wa kulia ukurasa wa kulia, kila mmoja ndani ya mstatili mrefu, na pale katikati nimepaacha peupe. Kingo za nje nimezipitisha milimita 3 zaidi ya ukurasa, kisu cha matbaa kisije kikaacha mstari mweupe. Umbo la madoido nimebakisha moja tu: nyota ya pembe nane, miraba miwili iliyolaliana, mmoja umegeuzwa nyuzi 45, kama ile inayoonyesha robo ya hizbu kwenye msahafu. Ndani yake nilitaka waridi moja la nakshi, liwe kubwa.

Nalo limenitoa jasho. Kwenye skrini waridi linang'aa, lakini nilipolivuta lijae nyota ya sentimita 9 likabaki na pikseli 640. Matbaa wanataka nukta 300 kwa kila inchi, yaani zaidi ya pikseli 1,000 kwa upana huo. Hivi ndivyo maumbo yanavyokudanganya: unakata picha kwa umbo, unakuza kidogo, unakata tena, na picha inachakaa bila wewe kujua. Kesho alfajiri narudi kulipiga kwa karibu. Nitapita barazani na nakala ya mzee, nimeshaitia bahasha.

Mzee mwenyewe nimempa mstatili wake, chini kulia. Ana mkono, ana finjani, hata dele la kahawa linaonekana nyuma yake. Kwenye ukingo kuna paka, wa kwetu wale, amekatika kiunoni.

Mama amerudi kutazama kabla ya kulala. "Na huyu paka, miguu yake?"

Nikamwambia paka hana jina.