Siku Moja Maishani Mwangu: Nyuma ya Mlembe

Saa 11:30 alfajiri. Darubini shingoni, daftari mfukoni. Kazi yangu ni kuhesabu ndege katika misitu ya miombo, na leo natoka na babu mrina asali kumtafuta mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki.

Saa 1 asubuhi. Dume yuko kwenye mti uleule wa juzi, mtundu. Hana papara ya kuhama. Huweza kuimbia mti mmoja miaka na miaka. Kwa macho matupu utamdharau: kijivu-kahawia, urefu wa sentimita 20 hivi. Kwa darubini ni mwingine kabisa. Koo jeusi, shavu jeupe, mdomo wa waridi! Jike hana koo hilo, na kinda ana koo la manjano, hata wengi hudhani ni ndege wa jamii nyingine. Mwaka huu kinda sijamwona bado, na nimemkosa kweli.

Saa 3. Kelele juu yetu, kama njiti zinazotikiswa ndani ya kiberiti. "Anatuita, mwanangu," babu anasema, na kumjibu kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa "brrr-hm". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mwito huo ulipandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Mlembe anaruka hatua chache, anatua, anatungoja. Kila akiruka, manyoya meupe ya pembeni mwa mkia yanatuonyesha njia.

Saa 4:30. Ananyamaza kwenye mninga wenye pango. Nyuki! Babu anafukiza moshi, anarina, kisha anaweka masega matupu juu ya gogo. Mlembe hula wadudu pia, lakini anachokitamani ni viluwiluwi vya nyuki na nta. Nta, ambayo wanyama wachache sana huweza kuimeng'enya!

Saa 8 mchana. Jua kali, ndege kimya. Najaza daftari.

Saa 9:30. Kwenye ukingo wa korongo, matundu ya keremkerem, ndege wala nyuki. Mlembe hajengi kiota. Hutaga humu, na kinda lake huanguliwa likiwa na ndoana mdomoni ya kuwaulia makinda wa mwenye nyumba. Jambo hilo linaniuma kila nikiliwaza. Ila ndiyo maana hakai popote: anahitaji miti mikubwa yenye mapango ya nyuki, na ndege wa kumlelea.

Saa 11 jioni. Tunarudi kwa mninga. Juu ya gogo, walembe wakubwa wawili wamesogezwa pembeni, na aliyeikalia nta ana koo la manjano.