Siku sita bila sauti ya mdogo wangu

Mdogo wangu wa mwisho aliondoka La Gomera, Visiwa vya Kanari, mwezi Desemba, yeye na wenzake watatu ndani ya mashua ya makasia yenye urefu wa mita 8 na ushei. Walikuwa kwenye mashindano ya kuvuka Atlantiki mpaka kisiwa cha Antigua, Karibi, maili kama 3,000: wawili wanavuta makasia saa mbili, wawili wamelala, kisha wanapokezana, usiku na mchana. Tuliagana kwamba atanipigia kwa simu ya setilaiti kila baada ya siku mbili. Mimi naishi Uingereza, Mama yuko Tanga, na habari zote za familia nne zilipitia kwangu.

Siku ya 17 hakupiga. Nikapiga mimi, simu haikuita kabisa. Siku ya 18 vilevile.

Mama alipouliza nilimwambia mtoto amechoka, amelala. Najuta mpaka leo. Kesho yake alinipigia kabla hakujapambazuka huku. "Mwanangu, usinifiche. Baba yako akienda dago kuvua nilikuwa nakaa wiki na wiki sina habari. Niambie kilichopo. Kama hakuna, niambie hakuna."

Kilichokuwepo ni nukta kwenye ramani. Kila mashua hubeba kifaa kidogo chenye betri yake ndani, kinachotuma mahali ilipo kwa setilaiti, kwetu sisi kila baada ya saa 4. Simu ikifa, hicho hakifi nayo. Nikachukua daftari nikaanza kuandika: saa, latitudo, longitudo, maili walizosogea na upande waliokwenda. Nukta ikisogea maili 10 za baharini kwa saa 4, ni maili mbili na nusu kwa saa, na kwa upepo mwepesi wa siku zile mashua haifiki mwendo huo bila mikono ya watu. Kila jioni nilimsomea Mama ukurasa mzima. Aliuliza upepo unatoka wapi. Nikamwambia kaskazini-mashariki. "Kumbe kaskazi kama hii yetu," akasema. "Inawasukuma mgongoni." Alikuwa sahihi kabisa.

Ofisi ya mashindano ina afisa wa zamu saa zote 24. Tulikubaliana familia zote kwamba mimi tu ndiye nitampigia, mara moja asubuhi, ili asijibu swali lilelile mara nne. Kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na jamaa aliyetaka kutangaza mtandaoni kwamba wamepotea. Nilimsihi asubiri, kwa sababu mashua inayoonekana kila baada ya saa 4 haijapotea. Afisa alinikumbusha pia kwamba wana kifaa kingine, cha dharura, cha masafa ya 406 MHz, ambacho kikiwashwa ishara yake hupokelewa na setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, zinazosaidia kuokoa watu tangu 1982. Hakikuwa kimewashwa.

Usiku wa siku ya 21 nukta ilirudi nyuma. Maili moja na nusu, kuelekea mashariki. Saa 4 baadaye, tena hivyohivyo.

Hapo nilifanya kosa. Badala ya kulala nilisoma habari za David Johnstone na John Hoare, Waingereza waliojaribu kuvuka kwa makasia mwaka 1966. Mashua yao, Puffin, ilikutwa Oktoba imepinduka, haina mtu, na daftari lao liliishia tarehe 3 Septemba. Nilikaa jikoni nimeshika kikombe cha chai mpaka ikapoa.

Kisha nikafungua ramani ya upepo. Ulikuwa umegeuka, unavuma kwa nguvu kutoka magharibi, usoni mwao. Upepo kama ule ungeibeba mashua iliyoachwa huru mbali zaidi ya maili moja na nusu. Kitu kilikuwa kinaishika. Wana mwamvuli mkubwa wa kitambaa, huzamishwa mbele ya mashua ili isirudishwe ovyo na ielekeze pua kwenye mawimbi. Mashua isiyo na mtu haishushi mwamvuli. Niliyaandika hayo daftarini kwa herufi kubwa, nikampigia Mama saa 10 alfajiri, kwake saa 1 asubuhi, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Wamejishikiza. Wacha wapumzike."

Siku ya 23 afisa ndiye aliyenipigia. Meli ya mizigo ilipita jirani, akaiomba iwaite kwa redio ya VHF. Redio ya kwenye mashua ndogo haifiki mbali, ndiyo maana lazima meli isogee. Walijibu wote wanne. Simu iliingia maji ya chumvi, ya akiba haikubali chaji, na mawingu ya siku nyingi yaliwanyima paneli za sola jua, kwa hiyo umeme kidogo uliobaki waliuwekea mashine ya kuchuja maji ya bahari wapate ya kunywa. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Mwambieni Dada tuko wazima, asimwambie Mama kuhusu simu."

Nilimwambia Mama yote. Alicheka, kisha akalia, kisha akauliza kama wanakula.

"Wanakula, Mama."

"Na kaskazi imerudi?"

Nikatazama daftari. Nukta ya mwisho ilikuwa imesogea maili 9, magharibi.

"Imerudi."

"Haya. Nisomee ya jioni ikitoka."